Jinsi ya kuelewa na kutumia neno menacing bila kupotosha maana

Ukiuliza watu neno la Kiingereza menacing ni nini wengi watakwambia "-a kutisha" alafu basi, na hapo ndo shida inapoanzia, maana -a kutisha kwa Kiswahili inabeba kila kitu, ajali mbaya ni ya kutisha, sinema ya mizimu ni ya kutisha, bei ya sukari inatisha, na saivi hata msanii akipiga shoo kali watu wanasema jamaa katisha. Menacing haifanyi kazi zote hizo. Ina eneo lake dogo na ukishalijua hilo eneo hutababaika tena, ukikutana nayo kwenye hadithi utaiona picha, ukiiweka kwenye insha itakaa, na ukiikuta kwenye karatasi ya mahakama utajua mtu anatuhumiwa kitu gani hasa. Hilo la mahakama ndo limenifanya niandike kwa urefu hivi, nitafika huko.

Tuanze na maana yenyewe. Mtu au kitu kinakuwa menacing pale ambapo jinsi kilivyokaa, kinavyotazama, kinavyosogea au kinavyotoa sauti inakufanya uone kuna madhara yanakuja upande wako na yanatoka kwake. Hapo kuna mambo mawili, yashike yote: madhara hayajafika bado, na anayeyaleta anaonekana ana nia. Ukiondoa moja tu umeshatoka nje ya neno. Ajali ikishatokea sio menacing, hiyo itaitwa horrifying au terrible. Giza la kawaida la usiku nalo sio menacing mpaka uhisi kuna mtu au kitu humo ndani kinakuvizia. Neno limetoka Kilatini likapitia Kifaransa, kwa Kilatini minari ni kutishia, na mzizi wake wa zamani una maana ya kitu kilichochomoza au kuning'inia, ndo maana lina undugu na imminent, yaani jambo ambalo limeshakukaribia kabisa. Shika hiyo picha ya kitu kinachoning'inia juu ya kichwa chako kabla hakijaanguka, itakusaidia kote tunakoenda.

Chukua mbwa wa getini. Yule anayebweka huku anakimbia kulia na kushoto anapiga kelele tu, na wengi wetu tumeshawapita wa hivyo bila kuguswa. Sasa muangalie yule mwingine, kasimama hatua tatu kutoka kwako, kichwa kakishusha usawa wa mabega, masikio kayalaza nyuma, mdomo wa juu umepanda kidogo meno yanaonekana, mkia umekakamaa, hapepesi macho na anaunguruma chini chini. Hajakugusa. Wala hajabweka. Lakini miguu yako yenyewe imeshasimama. Huyo ndo Kiingereza kinasema "the dog gave a low, menacing growl", na hiyo low haijawekwa kama pambo, menacing inapenda sana kukaa na vitu vya chini, vya polepole na vya kimya. Mtu anayefoka na kurusha mikono kwa Kiingereza ni angry au aggressive. Yule anayeshusha sauti ndo menacing.

Kwa binadamu ni hivyo hivyo, na hapa ndo uzuri wa neno ulipo. Mfanyabiashara anadaiwa hela, jamaa wa kudai kaja dukani, kavuta kiti, kaagiza soda, anatabasamu vizuri tu, alafu katikati ya maongezi anauliza, hivi watoto wako siku hizi wanasoma shule gani? Hakuna neno baya hapo. Ukiiandika hiyo sentensi peke yake kwenye karatasi ukampa mtu asiyejua mambo ataona jamaa ana upendo. Ila aliyeambiwa kaelewa, na wewe msomaji umeelewa. Swali lenyewe halina kitisho, kitisho kiko kwenye namna lilivyoulizwa na nani kaliuliza na kwa nini kaliuliza saa ile, kwahiyo utasema "his question was menacing" au "he asked in a menacing tone". Ukisema "he threatened me" hapo, mtu atakuuliza alisema atakufanya nini, na utakosa jibu.

Hiyo ndo tofauti kubwa ya kwanza na threatening. Threatening inatoka kwa threaten, na hicho ni kitenzi kinachopenda maneno yawepo: he threatened to burn the shop, alitishia kulichoma duka, he threatened me with a knife, alinitishia kisu. Inachukua to, inachukua with. Menacing haichukui hivyo. Usiandike "he was menacing to kill me", hiyo haipo, wala usiandike "he is menacing me every day" ukimaanisha anakutumia meseji za vitisho, hapo ni threatening. Kitenzi menace kipo kweli, ila kinakaa zaidi kwenye uandishi wa habari na vitabu kuliko mdomoni mwa watu, na mwanafunzi akikiacha hapotezi kitu. Kazi kubwa ya menacing ni ya kivumishi, inakaa kabla ya nomino, a menacing look, au baada ya be, look, sound na seem, the man looked menacing, her voice sounded menacing. Ukitaka kuelezea namna kitu kilivyofanyika unaongeza ly, he leaned forward menacingly, aliinama mbele kwa namna ya shari.

Threatening pia inaenda sehemu ambazo menacing haifiki kabisa. Ugonjwa wa kuhatarisha maisha ni life-threatening, hamna mtu anasema life-menacing. Wanyama walio hatarini kutoweka ni threatened species. Mama mjamzito akiambiwa kliniki mimba inatishia kutoka, Kiingereza cha daktari ni threatened miscarriage. Mvua ikitishia kunyesha ni it is threatening to rain. Unaona hapo hakuna anayekuonea kwa makusudi, ni hatari tu ipo, kwahiyo menacing inakaa pembeni.

Mawingu je? Hapa watu wanauliza sana maana kwenye vitabu unakuta menacing clouds, na mawingu hayana nia. Jibu ni kwamba mwandishi anayapa nia, anayafanya kama mtu. Wingu jeusi limejaa baharini, limeshuka, linasogea kuja nchi kavu na chini yake maji yamebadilika rangi, mvuvi anaanza kushusha tanga haraka haraka. Mwandishi akiandika menacing hapo anataka uone wingu linamjia yule mvuvi, sio linapita tu. Kwahiyo kwa vitu visivyo na uhai inakubalika, mlima, bahari, msitu, jengo, mashine, ila ujue unafanya kazi ya fasihi. Kwenye ripoti ya hali ya hewa usiiweke.

Na hapo hapo kwenye mawingu ndo inaingia ominous, ambayo watu wengi wanaichanganya na menacing. Ominous inatokana na omen, yaani dalili ya jambo litakalotokea, na ominous siku zote ni dalili mbaya. Watu wa pwani wana neno zuri kabisa la jirani, kisirani. Bundi kalia juu ya paa, simu imeita saa nane usiku, daktari katoka chumbani kavua miwani na hasemi kitu, hivyo vyote ni ominous, vinakuambia kuna baya linakuja ila vyenyewe havitakufanya kitu. Bundi hatakupiga, na yule daktari hana ubaya na wewe. Menacing ni pale chenyewe ndo hatari. Wingu linaweza kuwa vyote viwili, ukiliona ukasema leo kuna jambo ni ominous, ukiliona ukasema hili linanijia mimi ni menacing.

Intimidating ni ya tatu kwenye hiyo familia na hii usiipuuze maana ukikosea hapa unamtukana mtu bila kujua. Intimidating ni kile kinachokufanya ujione mdogo, unyong'onyee, uogope kujaribu. Mwalimu anayejua sana, ukumbi mkubwa wa intavyuu wenye watu sita mezani, mtihani, mtu mrefu mwenye sauti nzito ambaye kumbe ni mpole kabisa. Inaweza kuwa haina ubaya wowote. Ukimwandikia bosi wako "at first I found you intimidating" anaweza kucheka na mkaendelea vizuri. Ukimwandikia "I found you menacing" umemwambia ulimuona kama mtu aliyetaka kukudhuru, na kwenye ofisi za Ulaya na Marekani hiyo sentensi inaweza kufunguliwa faili. Tafadhali sana ndugu zangu mlio kazini huko, hiyo mbili msizichanganye.

Sasa kwenye kutafsiri kwenda Kiswahili. Kosa ninaloliona mara nyingi ni a menacing face kugeuzwa kuwa sura ya kutisha. Kwetu ukisema fulani ana sura ya kutisha umesema ni mbaya wa sura, na mwandishi hakusema hivyo, mtu mzuri kama malaika anaweza kuwa na menacing face. Tumia shari. Alimtazama kwa jicho la shari, alimkazia macho, alimkunjia uso kwa shari, inategemea nini kinaendelea. Kwa sauti unaweza kusema sauti ya vitisho, au ukaeleza tu, akashusha sauti kwa namna iliyomtia mwenzake hofu. A menacing silence ndo ngumu zaidi, mimi huwa napenda kimya cha shari, wengine wanasema kimya cha kutia hofu na ni sawa pia. Kwa mtu mzima mzima, a menacing figure stood at the door, usihangaike na neno moja, sema mtu kasimama mlangoni, umbo lake tu linatia hofu. Kuna wanaokimbilia mkwara. Mkwara ni neno tamu la mtaani, kupiga mkwara, kuchimba mkwara, lakini mkwara mara nyingi ni kelele za kutisha ambazo nyuma yake hakuna kitu, na menacing haijasema kama nyuma kuna kitu au hakuna, inakuacha na hofu yako. 

Nomino yake ni menace, na hii kwa Afrika Mashariki tunaiona magazetini kila wiki, hasa magazeti ya Kiingereza ya Kenya na Uganda, the drug menace, the jigger menace, the stray dogs menace. Hapo maana imepoa, sio kitisho cha jicho kwa jicho, ni tatizo sugu linalosumbua watu wengi kwa muda mrefu. Tafsiri yake ni kero, au janga kama kitu ni kikubwa. Ukitafsiri the jigger menace kuwa kitisho cha funza msomaji atakushangaa, sema kero ya funza, imeisha. Na mtu akisema that child is a menace, usishtuke, anamaanisha mtoto mtundu sana, anachosha watu, hamna aliyesema mtoto ni hatari. Ila menacing haipoi namna hiyo, "that child is menacing" ni sentensi nzito kweli, mama wa mtoto akiisikia ataomba maelezo.

Haya, mahakamani. Kwenye sheria hili neno lina uzito na limeshafunga watu na kufungua watu, kwahiyo anayefanya kazi ya ukalimani au anayemsaidia ndugu yake kujaza fomu asome hapa taratibu. Uingereza kuna sheria ya mawasiliano ya mwaka 2003, kifungu cha 127, inayokataza kutuma kwenye mtandao wa umma ujumbe wa "menacing character", na hayo maneno ni ya zamani, yalikuwepo kwenye sheria ya posta ya 1935 wakati tatizo lilikuwa watu wanaopiga simu na kutoa lugha chafu na vitisho. Mwaka 2010 kijana anaitwa Paul Chambers alikuwa na safari ya ndege, uwanja wa Robin Hood kule Doncaster ukafungwa kwa theluji, akaandika Twitter kwa hasira na utani kwamba wana wiki na kitu wajipange la sivyo ataulipua uwanja. Akakamatwa, akatiwa hatiani, faini pauni 385 na gharama pauni 600 juu, na kazi ikaota nyasi. Kesi ikazunguka mpaka Julai 2012 Mahakama Kuu ikafuta hukumu, na hoja yao ndo somo lenyewe la hili neno: ujumbe ambao hauwatii hofu wale wanaoupokea au wanaotegemewa kuuona hauna menace ndani yake. Maana yake maneno matupu ya kutisha hayatoshi. Alisema atalipua, kwa sarufi hiyo ni kutishia kabisa, lakini menacing inapimwa kwa anayepokea, je mtu wa kawaida akisoma ataingiwa na hofu au ataona ni mtu kachukia tu ndege yake.

Kenya waliyachukua maneno yale yale wakayaweka kwenye kifungu cha 29 cha sheria yao ya habari na mawasiliano, grossly offensive, indecent, obscene, menacing, yaani ya kuudhi vibaya mno, yasiyo na adabu, machafu na ya kutia hofu, yote yamepangwa hivyo hivyo. Mwaka 2015 Geoffrey Andare akashtakiwa kwa kifungu hicho kwa posti ya Facebook, akaenda Mahakama Kuu kukipinga chenyewe, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akakitangaza kinakwenda kinyume na katiba kwa sababu maneno yake ni mapana mno, mwananchi hawezi kujua kabla ya kuandika kipi kitamtia hatiani na kipi hakitamtia. Mimi nakubaliana na jaji kwa moyo wote. Neno linalotegemea jicho na sauti na nani kakaa wapi, ukilipeleka kwenye maandishi ya simu bila maelezo, askari mmoja ataliona na mwingine hataliona.

Alafu kuna menaces yenye s mwishoni. Demanding with menaces ni kudai kitu kwa vitisho, Uingereza iko kwenye sheria ya wizi ya 1968 na ndo kosa la blackmail lenyewe, kifungo mpaka miaka 14. Sheria za jinai za Kenya na Tanzania nazo zina kosa la kudai mali kwa menaces, tulirithi lugha hiyo kwa mkoloni. Kwahiyo mtu akikwambia tuma laki tano au nazisambaza hizo picha, hiyo kisheria ni menaces hata kama hajashika panga.

Marekani ni kitu kingine tena, na Waswahili wengi wa kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wanaishi huko kwahiyo hili linawagusa. Kwenye majimbo kadhaa, New York, Ohio, Oregon, Colorado, menacing ni jina la kosa lenyewe la jinai. New York lina ngazi tatu, ya chini ni kumtia mtu hofu ya kudhuriwa kwa vitendo vya mwili, ngazi ya pili inaingia silaha, na ya kwanza ni kwa aliyewahi kutiwa hatiani huko nyuma. Ohio wana na menacing by stalking, yaani kumfuata fuata mtu mpaka anaishi kwa hofu. Ukiwa mkalimani ukasema "umeshtakiwa kwa kutisha" mzee wa watu hataelewa chochote, atajibu mimi sijamtisha mtu sijasema kitu, na kumbe kosa lenyewe halihitaji aseme kitu. Mwambie hivi, unashtakiwa kwamba kwa vitendo vyako ulimtia mtu hofu kuwa utamdhuru. Ni ndefu lakini ni haki yake kuelewa.

Na ukiwa wewe ndo unalalamika, unaandika maelezo polisi au kwa mwenye nyumba, usiishie kuandika "he was menacing". Hilo ni jina la hisia yako, anayesoma anataka kuona. Andika alisimama wapi, mbali kiasi gani, alishika nini, alisema nini na kwa sauti gani, alikuzuia njia au hakukuzuia, alikaa muda gani, alikuja mara ya ngapi. Kama alitamka neno la kitisho liandike kwa lugha aliyolitamkia kabla hujalitafsiri, usilipambe. Ukimaliza hapo ndo unaweza kuongeza "in a menacing way", na hata usipoongeza msomaji atakuwa ameshaliona.

Matamshi haraka haraka. Mkazo uko mwanzo, ME-na-sing, hiyo c ni s, usiseme mina-shing, na usiingize n ya ziada katikati, nimeona menancing kwenye makaratasi mengi. Nomino menace inaishia kama menis, e ya mwisho haisikiki.

Jipime na hizi. Meseji imeingia, usipolipa kesho utaona nitakachokufanya: threatening, maneno yapo wazi. Mtu kakaa juu ya pikipiki nje ya geti lako usiku, taa kazima, anaangalia dirisha lako tu na akikuona haondoki: menacing. Umeingia chumba cha intavyuu ukakuta maprofesa watano: intimidating. Ndugu mgonjwa, na nesi kakuambia ukae kwanza kabla hajaongea: ominous. Nyani wanashuka kila msimu wanamaliza mahindi ya kijiji kizima: hao ni a menace, kero, ila yule dume mkubwa aliyegoma kuondoka shambani, kakufunulia meno na anasogea mbele badala ya kurudi nyuma, huyo mmoja unaruhusiwa kumwita menacing.